Soda ya Posa

“Mama Kanze, ile soda alianza kuionja nani?”

Kadii, jirani yake Sidi, aliuliza hivyo wakiwa kwenye mfereji, siku chache baada ya Kanze kuondoka. Sidi akajibu bila kufikiri kwamba ni Kanze mwenyewe. Alipiga funda moja, kisha akampa mamake chupa. Kadii akajitwika mtungi wake, maji yakimchuruzika mabegani, akaenda zake.

Tangu hapo swali lile likawa linalala na Sidi. Yeye ni mtu wa kanisa. Pombe ya mnazi haikanyagi kwake tangu mumewe afariki. Ndiyo maana Ngala, binamu ya marehemu akaaye Muyeye, alipokuja kusema amempatia Kanze kazi ya nyumbani ng’ambo, alikuja na kreti ya soda. “Tuombee safari, shemeji,” alisema. Sidi akaomba, macho kayafumba. Alipoyafumbua, Kanze alikuwa amemnyooshea chupa kwa mikono miwili, kama alivyoelekezwa na Ngala. Sidi aliona ni adabu. Hakukumbuka kwamba mnazi wa posa ndivyo unywewavyo: binti huonja, akampa mzazi, na mzazi akinywa amekubali kumwoza. Na nyumba za waliookoka hupelekewa soda badala yake.

Simu ilikuja mara moja tu. “Shikamoo mama. Mimi niko salama, kazi ni nzuri.” Kwa Kiswahili, kama mtoto anayesoma ubaoni. Mama na mwana hawajapata kusemezana ila kwa Kigiriama tangu mtoto aanze kutamka. Sidi akamwuliza kwa Kigiriama anakolala ni wapi. Akasikia pumzi ya Kanze, na nyuma yake mwanamume akikohoa, taratibu, kama mtu anayekumbusha. Simu ikakatika. Sasa kikohozi kile humjia Sidi akipepeta mahindi, humjia katikati ya sala, akasahau alipofikia katika Baba Yetu.

Akaenda kituo cha polisi. Ofisa wa zamu alimsikiliza, kisha akaagiza Ngala aitwe. Ngala akaja na kofia yake ya ukili, akapewa kiti. Sidi alibaki amesimama.

“Redioni wanasema kumpeleka mtu kwa hila akatumikishwe ni jinai,” Sidi alisema. “Wanasema ni biashara ya watu.”

“Nani kauzwa?” Ngala akacheka kidogo. “Afande, huyu shemeji yangu aliletewa posa nyumbani kwake. Kanze yuko kwa mumewe.”

“Uliniambia kazi.”

“Kwani kuolewa si kazi?”

Ofisa naye akacheka. “Mama, hiyo soda uliinywa?”

“Niliinywa.”

“Binti aliionja kwanza?”

“Aliionja.”

“Na ni mtu mzima?”

“Ni mtu mzima.”

“Sasa mimi naingilia wapi? Nikifungua kesi za wakwe, seli hazitatosha. Nenda ukae na wazee wako.”

“Nilipoongea naye kulikuwa na mtu anamkoholea.”

“Mumewe anaumwa kifua,” Ngala akasema.

Sidi alikaza leso kiunoni. Hakuinua sauti.

“Haya, afande. Kama ni posa, basi mshenga ndiye huyu. Na mshenga hapelekei watu posa ya mtu asiyemjua. Mwulize, mkwe wangu anaitwa nani, na watu wake ni wa mbari gani, ukoo gani, ili nitume wazee wakamwone mtoto.”

Ofisa akamgeukia Ngala, cheko bado liko usoni. “Mzee, mwambie mama mbari yao, tumalize.”

Ngala alikuwa anaitazama kofia mapajani pake. Akaizungusha. Nje mtu alikuwa akihangaika na pikipiki isiyowaka. Cheko la ofisa likapungua polepole mpaka likaisha. Akamkodolea Ngala macho kama anayemwomba aseme lolote, hata la uongo.

“Mbari gani, Ngala?” Sidi aliuliza tena.

Ngala akavaa kofia, akainuka. Miguu ya ofisa ilikuwa imenyooka njiani, karibu na mlango. Ofisa akaikunja ampishe, Ngala akatoka.