Magamba Yaliyolainishwa

Fundi wa picha ambaye mtaa mzima ulimwita Msafi hakuwashinda majirani zake kwa usafi. Alikuwa na maradhi mamoja tu ya kazi: hakuweza kuona doa akaliacha. Bibi harusi mwenye chunusi aliingia katika kompyuta yake akatoka na uso kama yai lililomenywa. Mzee mmoja aliyepigwa picha ya pasi alipunguziwa makunyanzi hata afisa wa mpakani akamrudisha nyumbani akautafute uso wake. Msafi hakuona kosa. "Mteja halipi ili ajione alivyo," alisema, na hadi leo hakuna mteja aliyejitokeza kumpinga.

Viumbe watambaao tu ndio waliomshinda. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka; Msafi hakuwahi kuumwa na kitu chochote cha kusimulika, lakini hata ukanda wa suruali ukianguka sakafuni aliruka. Kwa bahati mbaya, mdogo wake wa kiume, fundi wa majokofu, alikuwa na kobe, kinyonga, na sasa nyoka mwembamba wa kijani aliyemkamata kwenye ua wa mteja.

Picha za nyoka huyo zilipofika, zimepigwa kwa karibu mno chini ya taa hafifu, Msafi alizifanyia kazi kwa jicho moja; la pili alilifumba. Zilikuwa na giza na chenga tele, yale madoadoa ya picha iliyokosa mwanga. Aliongeza mwanga, akapunguza umanjano wa taa, akalinoa jicho la nyoka hadi likang'aa kama shanga. Desturi yake ilikuwa kukuza picha na kuikagua kipande kwa kipande, asije akafuta ngozi pamoja na vumbi. Safari hii hakuthubutu kukuza. Alivuta kilainishi cha picha hadi mwisho, akaiachia mashine ifute kila kilichofanana na chenga, akatuma, akafunga. Picha ilitoka nzuri ajabu.

Siku ya pili yake mdogo wake alimpigia simu, sauti imejaa sherehe.

"Dada, umeua! Kundi zima la wafugaji nyoka mtandaoni linaulizana kamera gani. Na daktari wa mifugo ameitazama, kasema magamba laini, nyoka wa bustani, hana sumu, mshike tu."

"Mshike wewe. Mimi niache na maharusi wangu."

"Nataka nakala kubwa ya ukutani, sebuleni."

"Mkeo amekubali?"

"Atakubali akishaiona."

"Basi umeshaoa mara ya pili, na huyu wa pili hana miguu."

Mdogo wake alicheka hadi simu ikakatika.

Nakala ya ukutani haivumilii ulainishaji wa namna ile. Kwenye karatasi kubwa kila kitu huonekana kama plastiki. Kwa hiyo Msafi alilazimika kufungua picha ya asili, akakaza moyo, akakuza. Chenga zilirudi, na ndani yake akaona kitu ambacho hakikuwa chenga. Chenga hutawanyika ovyo, hazijipangi. Hizi zilikuwa zimejipanga. Katikati ya kila gamba ulipita ukingo mwembamba ulioinuka, kama mkunjo wa suruali iliyopigwa pasi, gamba baada ya gamba, kutoka shingoni hadi picha ilipoishia. Akarudisha kilainishi: kingo zikatoweka. Akakiondoa: zikarudi.

Hakujua lolote kuhusu nyoka, na alijivunia kutojua. Sasa alitafuta mtandaoni kwa vidole vilivyokosea kila neno. Alisoma kwamba nyoka wa bustani asiye na sumu ana magamba laini mgongoni. Kwamba yuko mwingine wa kijani vilevile, mwembamba vilevile, mwenye jicho kubwa na magamba yenye ukingo. Kwamba huyo wa pili akiuma mtu huenda asihisi kitu, na saa kadhaa baadaye damu yake ikakataa kuganda. Alifungua ukurasa mwingine kwa matumaini ya kupata ubishi. Kurasa za mtandao, ambazo hazikubaliani hata juu ya kuchemsha yai, safari hii zilikubaliana.

Alimpigia mdogo wake. Simu iliita hadi ikachoka. Akampigia wifi yake.

"Yuko bafuni, wifi. Anamwogesha mwenzake."

"Mwambie amweke chini! Ana sumu yule!"

"Wifi, jamani. Wewe mwezi uliopita ulikimbia bomba la maji."

Hapo ndipo Msafi alipotambua umaskini wake. Alikuwa ametumia hofu maisha yake yote kwa mijusi na kamba za viatu, na sasa alipoihitaji, hakuna aliyeipokea.

Alikimbia. Nyumba haikuwa mbali. Alimkuta mdogo wake amekaa ukingoni mwa beseni, nyoka amejizungusha kwenye kiganja, kichwa kimeinuliwa, jicho lile kubwa linamtazama kila mtu na halimtazami yeyote. Msafi alisimama mlangoni. Alitaka kupiga kelele, akajua kelele ndiyo itakayoharibu.

"Mdogo wangu," alisema polepole, "ile picha niliihariri. Magamba yake si laini. Mimi ndiye niliyeyalainisha."

"Dada, usianze."

"Sijaanza. Pitisha ukucha mgongoni mwake, taratibu, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili."

Akapitisha, akitabasamu. Tabasamu lilibaki mdomoni lakini macho yaliliacha. Alimteremsha nyoka ndani ya ndoo ya kifuniko, akakibana, akaweka tofali juu.

"Amekuuma?" Msafi aliuliza.

"Hapana. Yaani, asubuhi alinichuna kidogo kidoleni. Hata sikuhisi."

Wifi, aliyekuwa nyuma yao na taulo mkononi, alichungulia ndani. Kisha akasema, kwa sauti ambayo haikuwa na mzaha hata chembe, "Ndiyo maana mswaki wako ulikuwa mwekundu?"

Hospitalini daktari alichota damu kidogo katika kichupa cha kioo, akakiweka mezani, akakataza kisiguswe. Wote watatu walikikodolea macho kana kwamba kingezungumza. Muda ulipotimia alikiinamisha. Damu ilitiririka upande hadi upande, nyepesi kama maji ya matunda.

"Dawa ya nyoka huyu ni ya peke yake," daktari alisema, "na inatunzwa bohari kuu. Hawaitoi bila kuthibitisha ni yeye. Mna picha?"

Kabla Msafi hajafungua mdomo, mdogo wake, fizi zimeshaanza kuvuja, alikuwa ameituma ile nzuri. Jibu la bohari halikuchelewa: magamba laini, si yeye, mtazameni tu mgonjwa.

"Siyo hiyo!" Msafi alipaza sauti hata muuguzi akageuka. Alituma ya asili, yenye giza, chenga na umanjano, akaandika chini yake kwamba ya kwanza aliihariri yeye. Kisha akabaki ameshika simu kwa mikono miwili, akiona matone mekundu yakiongezeka kwenye kitambaa alichoshikilia wifi yake. Simu ilitetemeka: "Tumemwona. Dawa inaondoka sasa."

Ilifika, ikaingia mshipani. Kichupa cha pili kilitiririka. Cha tatu, daktari alipokiinamisha, kilikaa kimya, na damu ndani yake ikashikamana kama ilivyoumbwa. Wifi alilia kwa sauti. Mdogo mtu alifumbua macho akauliza kama nyoka amepewa maji.

"Watu wa wanyamapori wamemchukua," mkewe akamjibu. "Ukimtamani, kaoe huko."

Msafi hakucheka wala hakulia. Alikuwa ametoka nje kwenye korido, akifungua lile kundi la wafugaji kwenye simu ya mdogo wake. Picha yake ilikuwa imeshatumwa makundi mengine, na maneno ya daktari wa mifugo yameandikwa juu yake kwa herufi nene: HANA SUMU, MSHIKE TU. Watu asiowajua walikuwa wakiishukuru. Alianza kuwaandikia mmoja mmoja: ifuteni, nimeihariri, si kweli.

Wengi hawakujibu. Mmoja alijibu.

"Asante dada, lakini usitutishe. Wa kwetu tumemlinganisha na picha yako, rangi ile ile, jicho lile lile. Mwanangu anacheza naye sasa hivi."

Msafi aliibonyeza namba ile. Ikaita. Ikaendelea kuita.