Ladha ya Mkono wa Yeon-ok

"Dada, hii kimchi imetengenezwa wapi, hospitali?" Deul-lye alitafuna kipande cha kabichi ya kuchachushwa, akakunja uso.

Wanawake waliochutama uani wakacheka. Yeon-ok hakucheka. Aliendelea kupaka pilipili kwenye kabichi, jani kwa jani, huku ukungu ukimwingia kichwani polepole mpaka mikono yake ikaonekana kama ya mtu mwingine. Tangu aikimbie nyumba yake alikuwa hivyo, nusu yupo, nusu anaota.

Nyumba hii ya kuwahifadhi wanawake waliopigwa na waume zao haikuwa na kibao langoni, waume wasije wakaijua. Lakini kimchi ingetoka, maana ilikuwa ya wazee wapweke wa mjini. Na kila mkono una ladha yake. Yeon-ok hutia boga lililopondwa, kama alivyofundishwa na mama yake. Mumewe alikuwa fundi wa majiko ya gesi, aliyeingia nyumba za wazee hao hao, na wazee hawaachi kumkaribisha fundi chakula. Ndiyo maana leo hakutia boga.

"Akionja tu, atajua niko karibu," alinong'ona.

"Fundi gani huyo, anamtafuta mke kwa ulimi?" Deul-lye alimtania. Kisha akaona mwenzake hainui uso, akamshika kiwiko. "Basi, dada. Nisamehe."

Mchana Mama Pyo, msimamizi wa nyumba, alirudi kutoka mahakamani. Hakuvua hata koti. "Jaji ametia sahihi amri. Mumeo haruhusiwi kukukaribia wala kukupigia simu."

"Karatasi itamzuia?"

Mama Pyo alichutama kando yake. "Karatasi haisimami mlangoni, mwanangu. Ila akithubutu kuja, napiga simu, polisi wanamchukua. Safari hii hakuna wa kukuambia urudi mkapatane."

Yeon-ok alipaka jani jingine. Hofu haikumtoka; ilisogea kidogo tu, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi.

"Boga liko wapi?" akauliza.

Alilichemsha, akaliponda, akayafungua upya majani yote na kulipaka. Mvuke ulijaa uani, na kwa kitambo alimwona mama yake amechutama ng'ambo ya beseni, kimya, akichanganya naye. Akakunja jani moja, akamlisha Deul-lye kwa vidole. Deul-lye alifumba macho, akasahau kutania.

Jioni gari lilipakiwa. "Tuizuie kimchi?" Mama Pyo aliuliza kwa upole. "Ukisema tu, haitoki."

"Iende yote."

Yeon-ok alitoka nje ya lango kwa mara ya kwanza tangu afike. Akasimama pale, mikono myekundu ikining'inia, akilitazama gari likiteremka kilima, madirisha wazi, harufu ya boga ikisambaa njiani.