Kishindo cha Wagonjwa wa Matopeni

Himaya ya Matopeni ilikuwa na utaratibu kwa kila jambo, na kwa maradhi ilikuwa na Kishindo. Wenye ugonjwa mmoja walikusanyika mbele ya Mfalme Kiboko wakakanyaga ardhi kwa pamoja. Kando ya Mfalme, juu ya kigoda, liliwekwa bakuli la maji. Maji yakimwagika, ugonjwa umetambuliwa, na Mganga Bundi ana ruhusa ya kuutafutia dawa. Yasipomwagika, ugonjwa haupo, na anayeugua anaombwa aache tabia hiyo.

Nyati walipoumwa na kupe, bakuli lenyewe liliruka. Tembo mmoja aliyevimbiwa alimwaga maji hata kabla hajafika barazani. Kwa hiyo wakubwa wote walikubaliana kwamba utaratibu ni mzuri.

Siku moja Nungunungu alikuja barazani amembeba bintiye, Sikudhani. Mtoto alikuwa anakauka. Ulianza mkia, ikafuata miguu ya nyuma, ikawa migumu kama kuni, na sasa ugonjwa ulikuwa unanyemelea kiuno. Bundi hakumficha mama mtu: ukifika kooni, mtoto hatameza tena. Katika Bonde la Mtukufu, malisho ya Mfalme peke yake, uliota mzizi mwekundu ambao Bundi aliamini ungeuzuia. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kuchimba huko kwa ajili ya ugonjwa usiotambuliwa.

Nungunungu akakanyaga. Akakanyaga tena, mpaka nyayo zikawaka moto. Waziri Korongo akainamisha shingo, akachungulia bakuli.

"Kuna mbu ametua humu," akasema. "Hata yeye hajashtuka. Mama, nenda kalete wenzio."

"Sina wenzangu, Mheshimiwa. Anayeugua ni huyu mwanangu tu."

"Basi awaambukize wengine."

"Hauambukizi."

"Unaona?" Waziri akaligeukia baraza. "Ugonjwa wenyewe hauna ushirikiano."

Mfalme Kiboko aliguswa. Alikuwa na moyo laini, hasa baada ya kula. "Tutaanzisha Siku ya Wachache," akatangaza. "Kila mwaka tutakuchezea ngoma, mama."

"Mtukufu, mimi naomba mzizi."

"Na vitambaa vya rangi!" Mfalme akaongeza, machozi yakimlengalenga.

Nungunungu akavishwa kitambaa, kikachanika papo hapo kwenye miiba yake. Akarudi nyumbani na mtoto mgongoni, na kwa hasira hakumwimbia njiani.

Siku ya Wachache ilipowadia, Mfalme alipanua kinywa ili ahutubie. Kinywa hakikufumba tena. Bundi akaitwa mbio, akalipapasa taya.

"Ni ule ule wa Sikudhani," akasema.

Baraza likachanganyikiwa. Dawa haikuwezekana bila Kishindo, na Mfalme hakuweza kukanyaga, kwa kuwa kisheria mfalme haugui. Ndipo Waziri Korongo alipopata wazo.

"Sisi sote tunaugua pamoja naye!" akapaza sauti, akapanua mdomo, akakakamaa. Wajumbe wote wakapanua midomo, wakakakamaa. Fisi, mlinzi wa lango la Bonde lililokuwa mkabala na baraza, hakutaka kuonekana anampenda Mfalme kwa kiasi tu. Naye akakakamaa hapo hapo langoni.

"Haya, kanyageni basi," akasema Bundi.

Hakuna aliyekanyaga. Aliyekauka atakanyagaje? Wa kwanza kuinua mguu angekiri kwamba yeye ni mzima hali Mfalme anaumwa, na uzima wa namna hiyo ulikuwa na adhabu yake.

Nungunungu, aliyekaa kwenye kiti cha mgeni wa heshima, akawatazama mmoja mmoja. Kisha akalitazama lango.

"Mzee Bundi, jembe lako liko wapi?"

Wakapita mbele ya Fisi. Macho yake yakawafuata, miguu ikabaki.

"Shikamoo, mlinzi," Nungunungu akamwambia kwa adabu zote. Fisi akadondosha ute.

Wakachimba, wakachemsha, Sikudhani akanywa. Kukauka kukaishia kiunoni, hakukupanda tena. Lakini miguu haikurudi.

"Mzizi unauzuia ugonjwa pale unapoukuta," Bundi akasema kwa sauti ya chini. "Tungeruhusiwa siku ile ya kwanza..." Nungunungu akalia kwa furaha na kwa uchungu, akamkumbatia mwanawe kwa uangalifu, miiba na yote.

Dawa iliyobaki akaipeleka barazani. Walikuwa wamesimama vile vile, nzi wakiingia na kutoka. Waziri Korongo alipomwona, akakoroma kooni na kukodolea macho bakuli. Maji yalikuwa bado yamo.

"Ndiyo, Mheshimiwa, nimeyaona." Nungunungu akalinyanyua bakuli, akayamwaga yote chini. "Haya, yamemwagika."

Akatia dawa katika bakuli lile lile, akammiminia Mfalme. Koo lake likasalimika, akameza. Kinywa kikabaki wazi, kama miguu ya Sikudhani ilivyobaki migumu, na hakuna mjumbe aliyethubutu kufumba chake kabla ya Mfalme.

"Mama, mbona hao wengine huwapi?" Sikudhani akauliza mgongoni.

"Hao hawaumwi, mwanangu."

Nje walimkuta Kobe, ambaye gamba lake lilikuwa linamenyuka na ambaye hakuwa na mwenzake nchi nzima. Alishakataliwa mara nyingi, na leo alikuja tena.

"Dada, Kishindo kinaanza saa ngapi?"

"Hakuna Kishindo," Nungunungu akamjibu, akamkabidhi jembe. "Bundi yuko bondeni. Pita tu."