Nyenje Aliyenyamaza Ghalani

Mzee Melkior hakuwa na saa, hakuwa na cheti cha darasa la saba, hakuwa na meno mawili ya mbele, wala mtoto aliyetaka kuachiwa mizinga yake ya nyuki porini Ugalla. Na tangu Jumapili hakuwa tena na hakika ya masikio yake.

Siku hiyo jirani yake Machibya alimsalimu mara mbili nje ya kanisa, naye akapita kimya. Maneno yakafika Mpanda kwa binti yake, Imakulata, ambaye aliandika: kama Baba hasikii, atajuaje mzinga wenye nyuki? Mwisho wa mwezi angekuja kumchukua, wakae wote mjini.

Mrina asali hugonga mzinga, akatega sikio. Nyuki wakiwemo, hujibu. Asiyesikia jibu hufungua bila moshi, nao humtia adabu. Melkior aliogopa kwenda kugonga akakuta kimya. Badala yake alimkamata nyenje nyuma ya jiko, akamtia koponi, akamficha ghalani penye giza. Wale wengi wanaolia vichakani jioni hakuwahesabu; sokoni hata kiziwi husikia kelele. Alitaka kumsikia mmoja.

Siku tatu, kimya. Kumuuliza mkewe kama yeye anasikia kitu? Asingejishusha hivyo. Ugali ukamshinda.

Alhamisi, katika darasa lake la jioni la watu wazima, Mwalimu Joséline alifundisha wadudu. Nyenje haimbi kwa koo, alisema. Dume huinua mabawa, akasugua moja juu ya jingine; moja lina meno madogo kama tupa, jingine lina ukingo wa kuyakwaruza. Hivyo humwita jike, naye jike husikiliza kwa masikio yaliyo kwenye miguu ya mbele. Yeye haimbi.

Melkior akanyoosha mkono. "Mwalimu, jike unamtambuaje?"

"Ana kitu kirefu nyuma kama sindano, Mzee. Ndicho cha kutagia mayai."

Nyumbani akafunua kopo. Sindano ile pale. Alicheka mpaka mkewe akatoka jikoni.

"Baba Imakulata, unacheka na kopo?"

"Nimemfunga mke wa watu siku tatu, namdai wimbo wa mumewe."

Kesho yake mchana akapata dume. Ghalani, kwa mwanga wa ufa mmoja, aliyaona mabawa yakiinuka na kutetemeka. Papo hapo wimbo ukamwingia sikioni, mwembamba, mkali, kama fundi anayenoa msumeno. Pumzi aliyoibana tangu Jumapili ikamtoka.

Jumamosi akaenda porini kugonga mizinga. Minne ya kwanza ilikuwa mitupu; wa tano ukamjibu kwa ngurumo.

Jioni aliketi akaandika. Habari za mabawa, meno na miguu yenye masikio zilijaza ukurasa mzima. Chini akaongeza: "Usije kunichukua, mwanangu, njoo ule asali. Siku ile ya Machibya nilikuwa nakariri kichwani jedwali la kuzidisha kwa saba, la darasa la jioni."

Akakunja barua, akaibandika kwa tone la nta ya mzinga wa tano, akamkabidhi Pacifique wa bodaboda, aliyekuwa tayari amewasha pikipiki kwenda Mpanda.