Neno Alilolipaza Consolatha

Kwa miaka miwili Consolatha alikuwa na neno moja tu kwa mumewe kuhusu ile helikopta: acha. Ndizeye hakuacha. Fundi pikipiki wa Nyakahura, mtu wa kuziba pancha, kachomelea mabomba, kafunga injini ya pikipiki, kachonga mapanga ya mbao, kabana na kiti cha plastiki katikati, eti atapaa. Jamani! Watoto watatu ndani, na baba yao anatafuta kifo kwa spana. Consolatha hakutaka sifa wala utajiri. Alitaka mume wake abaki hai.

Jumapili hiyo watu walitoka kanisani wakajaa uwanjani. Ndizeye aliapa kwamba atawasha tu, hainyanyui. Miguu ya chuma ilikuwa imefungwa kamba kwenye vigingi. Akawasha. Vumbi likatimka, kuku wakatawanyika, vijana wakapiga miluzi. Consolatha ndiye aliyeona kigingi cha nyuma kikining'inia kwenye kamba, kimeng'oka.

Nyumbani kwao wanasema Kirundi, na kwa Kirundi, kumwambia mtu aruke atoke mahali, unamwambia "simba". Neno lilimfika mdomoni. Lakini aliwahi kumpigia mwanawe Iteka kelele hiyo gulioni, avuke mtaro, watu wakatupa vikapu wakatimua mbio, na mwezi mzima akaitwa Mama Simba. Aibu ile haijamtoka. Basi akalimeza, akapaza Kiswahili:

"Ruka! Ndizeye, ruka!"

Ndizeye akageuka, akamwona mkewe anapunga mikono, akacheka meno yote nje. Kisha akavuta mafuta hadi mwisho.

Chombo kikanyanyuka kimo cha mbuzi, kikalala ubavu, mapanga yakapiga ardhi yakavunjika vipande vipande. Hakuna mwingine aliyeguswa. Ndizeye alivunjika mguu, basi. "Ajali ndogo hii, mshukuru Mungu," alisema mganga wa zahanati, akiufunga plasta.

Siku ya tatu, akiwa kitandani kwake, Ndizeye alisema, "Nitaunda nyingine. Sasa siogopi mtu. Watu wote walinicheka, mama Iteka, na wewe ukiwa wa kwanza. Lakini siku ile ulisimama mbele za watu ukaniambia niruke. Wewe!"

Consolatha akaelewa kwamba mumewe alidhani anamwambia apae. Akinyamaza atapendwa, na siku moja atamzika.

"Nilikuwa nakwambia simba," akasema. "Uruke utoke. Kigingi kilikuwa kimeng'oka."

Ndizeye akajiinua kwa kiwiko.

"Kwa hiyo hata siku ile hukuniamini?"

"Hata siku ile."

Akageukia ukutani. "Mwambie Gaspari wa vyuma chakavu aje aichukue injini," akasema.

Consolatha akapata alichokiombea miaka miwili, akaenda jikoni akalia kama aliyefiwa. Mguu ulipona. Ndizeye yupo, mzima kabisa, anatengeneza pikipiki za watu, na mkewe akimuuliza jambo, hujibu ndiyo au hapana.