Mfuko wa Nevena Mjini Vienna

Mwalimu Desanka alimshuku Nevena kabla basi halijatoka hata mjini kwao Negotin. Kisa? Mfuko. Wenzake wote walitupa mabegi yao kwenye buti wakapanda wakiimba. Yeye akapanda na mfuko wa kitambaa, ameupakata kama mama aliyetoka kujifungua, na alipoambiwa auweke chini ya kiti akakataa.

"Una nini humo, binti?"

"Chakula, mwalimu."

"Chakula gani hicho kisichokaa chini?"

"Kabeba bwana, mwalimu!" akadakia Ognjen kutoka viti vya nyuma, na basi zima likaangua kicheko. Nevena hakucheka. Alikuwa na sweta jeusi, na joto lote lile la Mei, akageuza uso dirishani.

Msimlaumu mwalimu upesi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka uliotangulia, darasa jingine la shule hiyohiyo lilikwenda kutembea Vienna, kama wanavyokwenda wa mwaka wa mwisho wote, na kijana mmoja akaaga kwamba anakwenda chooni. Mpaka leo yuko chooni! Kumbe alikuwa na mjomba huko, keshampangia kazi na kitanda. Mwalimu aliyewapeleka hafundishi tena mahali popote. Safari hii mkuu wa shule alimwita Desanka akamwambia, "Ulioondoka nao ndio utakaorudi nao. Akipungua mmoja, kazi huna." Na Desanka nyumbani alikuwa na mume kitandani, hajiwezi, na mshahara ndio ule mmoja.

Sasa huyu Nevena, babake alikuwa Vienna. Darasa zima lilijua. Miaka anapiga lipu huko bila karatasi, wala hathubutu kuja nyumbani, maana akivuka mpaka ndiyo basi, harudi tena. Binti wa mtu kama huyo anapakata mfuko, haimbi, hata peremende hataki. Jumlisha mwenyewe.

Walipokaribia mpaka wa Hungaria machale yakamcheza zaidi. Alimwona dereva Gvozden, mtu wa kijiji kimoja na Nevena, kijiji cha mbali huko milimani ambacho habari zake hazifiki mjini, anaupokea ule mfuko na kuutia katika sanduku lake la barafu, wakaguzi wasiuone. Walipovuka akamrudishia.

Waliposimama kunywa kahawa, Desanka akamfuata. "Gvozden, mna lenu jambo wewe na yule mtoto."

"Mimi naendesha basi, mwalimu."

"Akinitoroka, nitakula na wewe sahani moja!"

"Kula tu. Ila yule mtoto mwache, nakuomba."

Mwache! Ndiyo kwanza akamganda kama ruba. Huko Vienna walionyeshwa majumba ya wafalme na mabustani yao, na ukimwuliza Desanka leo yale majumba yana rangi gani, hajui. Alichokiona siku nzima ni kisogo cha Nevena. Kiongozi wao, mama mmoja mwenye mwavuli mwekundu, alipowafikisha kwenye kanisa kuu na kuwaambia watazame vigae vya paa, wote waliinua macho juu isipokuwa wawili.

"Mwalimu, naomba kwenda chooni."

Chooni! Moyo ulimlipuka Desanka, lakini sauti akaitia asali. "Nenda, mwanangu." Akawaacha wengine na mwalimu mwenzake, Zoran, akamfuata nyuma.

Nevena hakwenda chooni. Alizunguka kanisa akaingia kichochoro kimoja, na hapo, kando ya benchi, mwanamume mwenye suruali iliyojaa chokaa akafungua mikono. Wakakumbatiana kwa muda mrefu.

"Mbona umekonda hivi?" yule bwana akasema. "Na bibi yako je? Kila nikipiga simu, amelala. Mama yangu amegeuka paka, au vipi?"

"Kaa kwanza, baba."

"Nikae nini? Hebu simama nikutazame."

"Kaa, nakuomba, nikuambie—"

"Ahaa!" Desanka akachomoka kwenye pembe ya ukuta. "Siku za mwizi arobaini! Choo chenu ndicho hiki?"

"Mwalimu, subiri kidogo tu, tafadhali..."

"Nisubiri nini, mpaka usiku mkiwa mmeshapotea? Bwana, mtoto huyu nimekabidhiwa mimi. Hakai huku ng'o!"

"Nani kasema anakaa?" Miodrag, babake Nevena, alishangaa kweli.

"Mfuko utasema. Nguo zake zote zimo humu!"

Akaudaka. Nevena akaung'ang'ania kwa mikono miwili. "Usifungue, mwalimu! Kwa jina la Mungu, usifungue mbele yake!"

Angetaka ushahidi gani tena? Akampokonya, akawapa mgongo wote wawili, akatoa kopo lililofungwa kwa kitambaa cheupe, akafunua kifuniko.

Ngano. Ngano ya kuchemsha iliyochanganywa na jozi zilizopondwa, juu yake sukari laini nyeupe na msalaba. Pembeni, kijiko kimoja na mshumaa mwembamba wa nta.

Mkono wake ulitangulia akili. Kwao hakuna mtu, hata mlevi, anayeiona ngano ile ya kuombea wafu na mshumaa ule akanyamaza. Mtoto hufundishwa hivyo kabla hajajua kufunga viatu. Desanka akafanya ishara ya msalaba, akatamka kwa sauti kama alivyofundishwa na mama yake: "Mungu amsamehe marehemu."

Ndipo akatamani aumeze ulimi wake.

"Marehemu nani?" Miodrag akauliza.

Akalitazama sweta jeusi, kana kwamba sasa ndiyo analiona.

"Nevena. Mama?"

"Alikataza mwenyewe, baba," Nevena akasema huku analia. "Alisema ukijua utakuja mbio, na ukija hurudi tena, na sisi tutakula nini. Alisema tusikuambie mpaka arobaini yake. Ni leo. Nilitaka ukae chini kwanza. Njia nzima nilikuwa najifunza nitakavyokuambia."

Miodrag akakaa, ila si kwenye benchi. Alikaa chini palepale kwenye mawe, akalia kwa sauti, na wapita njia wakampisha. Desanka alisimama na kopo mkononi, ameona aibu ambayo hajapata kuiona tangu azaliwe. Nevena akalichukua taratibu. Akawasha mshumaa, akampa babake kijiko.

Akala. Kisha akakifuta kijiko kwa shati lake, akachota tena, akamnyooshea mwalimu. Na ngano ile haikataliwi. Desanka akaila akiwa amesimama, tamu kabisa.

"Ahsante kwa kumwombea mama yangu, mwalimu," Miodrag akasema. Alisema kwa moyo mweupe, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Simu ikalia. Ni Zoran, anahema. "Uko wapi? Mmoja kapungua! Nevena hayupo!"

Desanka aliwatazama wale wawili pale chini.

"Najua aliko," akasema. "Endeleeni."

Akaukunja ule mfuko mtupu, akauweka juu ya benchi, karibu na binti. "Basi liko nyuma ya stesheni," akamwambia. Hakumwambia arudi saa ngapi.