Upande wa Anayechelewa

Kila Jumamosi asubuhi fundi saa alivua ukingoni mwa bwawa, karibu na ukuta, palipokuwa na kivuli. Siku hiyo alirusha chambo chake cha mpira, akakivuta taratibu kama alivyozoea, na mshipi ukakaza. Akamtoa samaki aina ya besi, wa kama kilo mbili, akamshika mdomo wa chini kwa kidole gumba, kama besi anavyoshikwa. Samaki alipigapiga mkia vizuri tu. Ila alikuwa ameshaparwa magamba, matumbo hana, na amekatwa mikato mitatu ubavu mmoja na miwili ubavu wa pili.

Fundi saa alimtia kwenye ndoo. Angalau kazi ya jikoni ilikuwa imepungua.

Nyumbani dada yake mkubwa alimgeuza samaki mara mbili, kisha akaketi. Mikato ile ilikuwa ya mama yao. Watu wengine hukata pande zote sawa; yeye alisema upande wa miwili ni wa anayechelewa kurudi, asije akakuta nyama imekauka. Mama alizikwa bondeni, kabla bonde halijajazwa maji. Ofisi ya bwawa ilisema makaburi yote yamehamishiwa kilimani, na kwa miaka kumi na tisa dada alikuwa amepalilia kaburi namba arobaini na tatu kila mwezi.

"Sasa mimi," akasema, "nimekuwa nikimpalilia nani?"

Fundi saa alisema mafuta yameshapata moto.

Jumamosi iliyofuata walitoka besi watatu, wote vilevile. Jumatatu ndugu hao walimpeleka mmoja ofisini, amekaangwa, kwenye bakuli lenye kifuniko. Karani alikuwa mtu mwenye adabu zake. Aliwapa viti, akala ubavu mzima, akapangusa vidole, akafungua faili. Alikiri kwamba samaki amekatwa na mtu anayeijua kazi. Lakini kwa mujibu wa faili, marehemu yuko kilimani, na uhamisho wake ulishuhudiwa na mwanawe. Akawageuzia karatasi wajisomee.

Sahihi ilikuwa ya fundi saa. Siku ile ya kuhamisha makaburi alikuwa dukani, na saa ya mteja imefunguliwa mezani. Jioni akaletewa karatasi, akasaini kwamba alikuwepo, maana kila mtu alikuwa anasaini. Sasa aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Uliniambia ulilibeba jeneza kwa mikono yako," akasema dada.

"Nilikuambia."

Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikuwa ya bonde zima. Karani aliwasindikiza mpaka mlangoni, akawakumbusha kwamba namba za makaburi zimefifia na familia zinaombwa kuzipaka rangi upya kabla ya mwisho wa mwezi.

Wiki tatu dada hakumsemesha mdogo wake. Kukaanga alikaanga, na sahani alimwekea, lakini neno hakutoa. Wiki ya nne aliona besi aliyevuliwa amebaki na magamba karibu na mkia, na mikato imechanikachanika. Akaileta ile sahani hadi mbele ya mdogo wake.

"Kisu cha mama kimekuwa butu," akasema.

Fundi saa alikinoa kisu cha jikoni kwa muda wa saa nzima, akakifunga kwenye mshipi mahali pa chambo. Dada akaongeza chumvi kwenye mfuko wa nailoni. Walikwenda pamoja, wakakiteremsha polepole mpaka mshipi ukalegea. Baada ya muda ulivutwa mara moja, kwa upole. Walipoupandisha, fundo lilikuwa limefunguliwa, si kukatwa.

Jumamosi iliyofuata besi alitoka safi, hana gamba hata moja. Fundi saa alihesabu mikato miwili, akamgeuza, akahesabu miwili tena. Aliihesabu upya, kisha akalia kidogo na kumtia kwenye ndoo.

Walimla adhuhuri, kila mtu upande wake. Halafu wakapanda kilimani, kwa kuwa mwezi ulikuwa unakwisha. Dada alishika kopo la rangi, na fundi saa akapiga magoti akaandika upya namba arobaini na tatu, taratibu, isipinde.